Umeme wa Gari la Baba

Njisi, Kyela
9 Februari 2024

Hebroni,

Ugonile. Natumaini wewe, mkeo Lucy na watoto mmeamka salama huko Mzuzu. Sisi tupo. Mvua zimeshika, mpunga wa bondeni umekubali, ila upepo wa juzi umelaza migomba mingi. Baba mdogo Asajile analalamika mgongo. Mama anakula vizuri.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Namba yako niliifunga mwaka jana baada ya matanga ya Baba, na sina mpango wa kuifungua. Kwenye simu wewe unaongea sana, mimi nalia, halafu tunakata na hakuna lililosemwa. Kwa hiyo barua hii anakuletea Beatrice, yule anayepeleka mchele Malawi na kurudi na vitenge kupitia mpaka wa Kasumulu. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Shida yangu ni gari la Baba. Lile pikapu na kile chumba mlichokijenga mgongoni ili asilale gesti akipeleka kokoa Mbeya. Nalala humo tangu Oktoba. Sababu unaijua, sitaiandika.

Jioni taa zinawaka vizuri, usiku zinafifia, kukipambazuka friji limenyamaza. Hilo ningelivumilia. Lakini wiki iliyopita nilikuwa na safari ya haraka kwenda Kyela mjini, nikazungusha ufunguo, gari likanguruma kama mtu anayekoroma, kisha kimya. Vijana walilisukuma kwenye tope mpaka likawaka. Fundi wa mjini akasema betri imekufa, ninunue nyingine. Nimenunua. Ugonjwa ni ule ule.

Waya zile mlizivuta wewe na Baba, na hakuna mwingine anayezijua. Sikuombi uje. Nakuomba unieleze.

Dada yako,
Tulinagwe


Mzuzu
3 Machi 2024

Dada Tulinagwe,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Lucy anakusalimu sana, mtoto wa mwisho ameota meno na hatulali. Huku nako mvua ni nyingi, karakana yetu iliingia maji tukafanya kazi tumekunja suruali. Mpe Baba mdogo pole ya mgongo. Mama mpe shikamoo yangu. Nasikia bado yuko Tukuyu kwa Mama mdogo, huko hewa ni nzuri, itamfaa.

Sasa gari. Dada, usikubali mtu akuuzie betri kabla ya kujua umeme wako unatoka wapi na unakwenda wapi.

Gari lile lina nyumba mbili za umeme. Ya kwanza ni betri ya mbele, chini ya boneti. Kazi yake ni moja tu, kuwasha injini. Inatoa nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, basi, halafu injini inairudishia. Ya pili ni betri ya ndani, ile iliyo chini ya kitanda. Hiyo imetengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi: taa, friji, simu. Ukiipa moja kazi ya mwenzake utaiua.

Kati yao kuna kidude cheusi kinaitwa rilei, ukubwa wa kibiriti. Injini ikiunguruma, rilei inaziunganisha ili betri ya ndani nayo ipate chaji. Injini ikizimwa, inazitenganisha. Nahisi ya kwako imeganda, imeziacha zimeshikana. Ndiyo maana friji linakula usiku mpaka betri ya kuwashia nayo inakauka. Fungua kifuniko karibu na betri ya mbele, zima injini, chomoa ule waya mnene mwekundu unaoelekea nyuma, ufunge mpira usiguse bati. Kesho yake gari likiwaka, basi mgonjwa ni rilei.

Nunua na mita ndogo ya kupimia. Betri iliyotulia ikisoma 12.7 imeshiba. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuacha kuitumia. Chini ya hapo unaila betri yenyewe.

Ila Dada, kwa nini unalala kwenye gari na kwa Baba mdogo kuna chumba? Na friji la nini? Niandikie unatumia vitu gani, nikupigie hesabu.

Ndaga fijo, asante sana kwa kunikumbuka.

Hebroni


Njisi
28 Machi 2024

Hebroni,

Marahaba. Hongera kwa meno ya mtoto. Hapa tunafunga mikeka juu ya kokoa kila wingu likipita, haikauki, inaota ukungu. Barua yako ilikaa Karonga kwa sababu Beatrice aliugua malaria huko. Sasa ni mzima.

Nilichomoa waya mwekundu. Asubuhi gari liliwaka mara moja. Nimenunua rilei nyingine, nimeifunga mwenyewe nikifuata rangi za waya za ile ya zamani. Kwa hilo, asante.

Vitu ninavyotumia: taa mbili. Lile friji dogo la Baba linalofunguka juu. Inveta kwa ajili ya kuchaji simu za majirani, wananilipa, ndiyo sabuni na chumvi yangu. Sola ile ile iliyo juu ya paa, ina ufa pembeni.

Kwa Baba mdogo kuna chumba, kweli. Kina wajukuu wake.

Friji ni la dawa. Baridi lazima iwepo.

Tulinagwe


Mzuzu
19 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Tumesherehekea Pasaka vizuri, Lucy alipika kande nikakumbuka nyumbani. Pole kwa kokoa.

Beatrice amekaa kwetu siku nzima akisubiri gari la Karonga, na wewe unamjua, hawezi kukaa kimya. Amesema Mama hayuko Tukuyu. Amesema alirudi Njisi tangu Desemba kwa sababu ya baridi, na mnalala wawili humo kwenye gari. Amesema dawa ni insulini ya Mama na macho yake yamepungua sana. Kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza friji la nini, ukanijibu kama mtu wa dukani.

Haya, kwa vile ni ya Mama, tupige hesabu sawasawa. Volti ni msukumo, kama maji yaliyo kwenye tangi la juu. Ampia ni wingi wa maji yanayopita. Waya ni bomba. Bomba jembamba na maji mengi havipatani, waya utapata moto na friji litapata msukumo hafifu hata kama betri imeshiba. Ukitaka kujua kifaa kinakula ampia ngapi, chukua wati zake ugawe kwa volti kumi na mbili.

Friji lile linakula kama ampia nne likinguruma. Kwa joto la Kyela litanguruma zaidi ya nusu ya siku. Mpaka jua lichomoze tena limekunywa ampia hamsini za saa. Betri yako ya ndani ni ya mia, na nimekwambia utumie nusu tu. Kwa hiyo friji peke yake limemaliza haki yote. Halafu unaongeza inveta. Inveta inakula hata kama hakuna simu iliyochomekwa, kwa kukaa tu imewashwa. Na sola yenye ufa, mwezi wa mvua, hairudishi hata nusu ya ulichotumia.

Izime inveta jioni. Simu zichaji saa sita mchana, jua likiwa kali. Friji lijaze chupa za maji, likiwa tupu linahangaika. Fungua kifuniko mara moja, toa unachotaka, funga.

Yale mengine, Dada, si ya kwenye karatasi. Ni mambo ya kukaa chini.

Hebroni


Njisi
11 Mei 2024

Hebroni,

Ugonile. Sote tu wazima kwa namna yetu. Baba mdogo ameanza kutembea na fimbo.

Barua yako niliisoma mara mbili. Umeme umeuandika kurasa nne, mbele na nyuma. Nyumba ya Baba yetu umeiandikia mstari mmoja, na hata hukuitaja kwa jina. Ni nyumba, Hebroni. Ina vyumba vinne na kaburi la Baba liko nyuma yake. Ukoo ulikupa usimamizi kwa sababu wewe ni mtoto wa kiume, mimi niliyemuuguza nikakaa jikoni napika chai ya wazee. Mama ulimwambia unaipangisha tu mpaka mavuno, ukampeleka Tukuyu apumzike. Siku Wilson, mnunuzi wa kokoa, alipokuja na mafundi kubadili vitasa, nilikuwa naanua nguo. Aliniambia kwa upole, wala simlaumu, alinunua kwa mtu mwenye haki ya kuuza. Aliniachia niegeshe gari pembeni ya uwanja kwa muda.

Umeuliza kwa nini sikukuambia habari za Mama. Wewe uliniambia nini?

Sasa sikiliza lililotokea. Fyuzi ya waya wa friji iliungua. Nikaweka nyingine, ikaungua. Fundi wa mjini akakata kipande cha waya wa shaba akakibana pale pale, akasema hiyo haitaungua tena. Ni kweli, haikuungua. Jumapili nilikuwa kisimani, nikasikia Mama anaita. Nilipofungua mlango moshi ulinipiga usoni. Mama alikuwa amekaa kitandani, anapapasa ukuta kutafuta mlango, na mlango ulikuwa upande wake wa pili. Nilimbeba mgongoni nikamtoa. Chini ya godoro waya ulikuwa umeyeyuka, ubao umekuwa mweusi mpaka karibu na betri.

Friji limekufa tangu siku hiyo. Nilikwenda Lyulilo siku ya soko, nikanunua vyungu viwili vya Wakisi, kidogo kikakaa ndani ya kikubwa, katikati mchanga ninaoulowesha asubuhi na jioni. Insulini iko humo. Haina ubaridi wa friji lakini nesi amesema ni bora kuliko kuiacha nje.

Wilson naye ameniita jana. Anajenga ukuta. Anataka uwanja wake kabla ya Juni kwisha.

Tulinagwe


Mzuzu
2 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nashukuru Mungu mlitoka wazima. Sikula siku niliyosoma.

Fyuzi si adui. Fyuzi imewekwa ife ili waya usife. Ikiungua mara ya pili inakuambia mahali fulani waya umechubuka na unagusa bati, au bomba ni jembamba kuliko maji. Anayeweka kipande cha shaba anamziba mdomo anayepiga kelele. Vuta waya mpya, mnene, kutoka betri hadi friji, uupitishe ndani ya mpira kila unapotoboa bati. Fyuzi ya ampia kumi na tano ikae karibu kabisa na betri, si karibu na friji, ili waya wote ulindwe. Kwenye vichwa vya betri kwangua ule ukungu wa kijani, kaza, paka grisi. Chanya kwanza ukifunga, hasi mwisho. Ukifungua, hasi kwanza.

Beatrice akirudi atakuletea betri mpya, waya, fyuzi na sola isiyo na ufa. Nimezipima zote mwenyewe. Usiniulize nimezipataje.

Nilisoma pia yale mengine. Nimeyasoma.

Hebroni


Lyulilo
21 Julai 2024

Hebroni,

Nakuandikia kutoka ufukweni. Tumehama.

Wilson alikuja na matofali tarehe aliyosema. Nilimkalisha Mama mbele, nikamfunga mkanda. Gari liliwaka kwa mguso mmoja. Tulipopita kwenye kaburi la Baba nilipunguza mwendo ili Mama aage, akasema niendelee tu, haoni kitu, na Baba hayuko pale. Mama mmoja muuza vyungu, jina lake Tulinagwe kama mimi, ametuonyesha mahali karibu na soko ambapo hatuzuii mtu. Nampikia, ananiachia nichaji simu za watu wa mitumbwi. Hapa upepo wa ziwa unampoza Mama.

Vitu vyako vilifika Kasumulu, mtu wa forodha akavikalisha, Beatrice akahangaika navyo mpaka akavitoa. Nimefunga yote kama ulivyoandika. Asubuhi ya kwanza nilipima kabla ya jua: 12.5. Friji linanguruma. Insulini ina ubaridi. Naandika haya kwa sababu ni kweli na una haki ya kuyajua.

Siku nilipokuwa nafunga betri, Mama alisikia vishindo akauliza, "Nani amekuja?"

Nikamwambia hakuna aliyekuja, Hebroni ametuma betri.

Akanyoosha mkono, akaipapasa ile betri. Kisha akasema, "Mimi sikuzaa betri."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Mimi nisingekuita, na ukija sitakupikia kuku. Lakini yeye anakuita. Njoo mikono mitupu, bila mita wala waya, ukae mbele yake umwambie kwa mdomo wako nyumba iko wapi. Ulisema ni mambo ya kukaa chini. Mkeka upo.

Tulinagwe


Mzuzu
30 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima, Lucy yuko kwao kidogo.

Nilikuja. Ijumaa ya soko nilivuka Kasumulu asubuhi, nikapanda bodaboda kutoka Matema. Nililiona gari kabla sijawaona ninyi. Nilisimama nyuma ya vyungu. Mama alikuwa amekaa nje, amejifunga kile kitenge cha bluu, uso ameuelekeza ziwani. Amekonda. Wewe ulikuwa juu ya paa unaifuta sola.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Karonga. Mwenye vyungu akaniuliza nataka kipi, nikamuuliza bei ili nisionekane nimesimama bure. Nikasema nitasogea ukishamaliza kufuta. Ukamaliza, ukashuka, ukampa Mama maji, akanywa. Miguu haikusogea, Dada. Nikarudi Matema kwa mguu.

Sola imelala mno. Miezi hii jua linapita upande wa kaskazini. Inyanyue upande wa nyuma kwa kipande cha mbao ielekee huko, utapata zaidi.

Hebroni


Lyulilo
15 Septemba 2024

Hebroni,

Sola nimeinyanyua. Inaleta zaidi, kama ulivyosema.

Ijumaa ile, nikiwa juu ya paa, Mama aliniita. Akasema, "Hebroni anauliza bei ya chungu."

Nilimwambia ni wanunuzi wa Tukuyu. Akasema sauti yako anaijua. Nikamwambia sauti za wanaume zinafanana, na wewe uko Mzuzu, na asijitese. Alibisha kidogo. Mimi nikambishia zaidi, kwa ukali, kwa sababu nilichoka kumwona anageuza kichwa kila mwanaume akipita. Mwishoni akaniomba radhi. Mama yetu aliniomba mimi radhi, Hebroni, kwa kusikia sawasawa.

Kisha barua yako ikaja. Nilikaa nayo siku kadhaa. Nilifikiri kuichoma na kumwacha aamini kwamba alikosea, ingekuwa rahisi kwetu wote watatu. Lakini nilishamdanganya mara moja bila kujua, sikuweza kumdanganya tena nikijua. Jana jioni, baada ya sindano yake, nilimsomea yote, kuanzia shikamoo mpaka kipande cha mbao.

Hakulia. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Nilipomaliza akauliza, "Chungu alikinunua?"

Niliitazama tena barua yako, mbele na nyuma. Haisemi. Nikamwambia sijui.

Akalala, akageukia ukutani, akaniambia nizime taa.

Tulinagwe